Kinanda Nilichopewa Kiwe Kuni

Elibariki,

Mambo ya sweta, dawa ya mafua na kutosinzia stendi umeshaambiwa na baba yako, na nimeona usivyomsikiliza, kwa hiyo sitayarudia. Ukisikia baridi utavaa. Ukisinzia utaibiwa, na siku nyingine hutasinzia. Jua bado lipo juu. Wewe umekwenda Haydom kuchukua tiketi ya basi la kesho la Arusha, baba yako yuko shambani kwenye vitunguu saumu, na nyumba imetulia. Nataka nikuandikie kabla hujarudi, kwa sababu tukitazamana mimi na wewe siku hizi tunaishia kuulizana habari za mbuzi.

Jumapili uliniomba kitu na nikakukatalia. Nilikukatalia vibaya, baba yako akiwa na kikombe mdomoni, mpaka akasahau kumeza.

Uliniita aayo. Huwa unaniita mama kama watoto wote wa shule, lakini ukiwa na shida unarudi kwenye Kiiraqw, unaniita aayo kama ulivyoniita ulipokuwa huna meno. Nikajua kuna jambo. Ukasema, "Aayo, kabla sijaondoka naomba nirekodi kile kinanda chako. Kila kibonyezo, kimoja kimoja. Nikitengeneze kiwe plagini, mtu yeyote mwenye kompyuta aweze kukipiga."

Nikauliza, "Mtu yeyote ni nani?"

"Yeyote tu, mama. Nitakiweka mtandaoni bure."

Ungenitukana ningekuvumilia. Nilisukuma sahani nikakuambia hata nikifa usikiguse, na kwamba kama umezoea kuokota vya watu, changu usikitupe barabarani ili wengine nao waokote. Ukainuka ukatoka. Tangu siku hiyo asubuhi unasema shikamoo, mimi nasema marahaba, na kila mtu anakwenda zake kama tumekutana kwenye foleni ya zahanati.

Usidhani nilikataa kwa kutoelewa. Plagini naijua kuliko unavyofikiri. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya ile programu yako kubwa ya kutengenezea muziki, ikajifanya kinanda, au ogani, au sintesaiza, mashine ambayo hapa Masieda hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Umenieleza mara nyingi, nami nimekuwa nikijifanya napepeta mahindi huku nasikiliza. Nilikataa kwa sababu ya neno lako la mwisho, hilo "bure". Neno hilo lina historia kwangu na wewe umeisikia vipande vipande, tena kutoka kwa baba yako ambaye hupunguza kila kitu ili kisiumize. Sasa isikie kwangu.

Nilikuwa msichana, sijaolewa. Wageni kutoka ng'ambo walikuja kanisani kwetu na gari jeupe refu. Walileta nguo, madaftari, mipira, na kinanda cha umeme kikiwa bado kwenye boksi lake. Wakauliza nani anajua kupiga. Wazee wakatazamana. Aliyekuwa anajua kidogo ni mimi, maana kulikuwa na mwalimu wa shule aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, ana kinanda kidogo cha betri, na mimi nilikuwa nampelekea maziwa na kuchelewa makusudi kuondoka. Lakini wazee hawakupenda kutaja jina la msichana mbele ya wageni. Mwisho walinisukuma mbele kwa kukosa mwingine. Nikapigwa picha nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Nadhani picha hiyo iko kwenye ukuta wa mtu fulani huko kwao, na mimi nipo pale mpaka leo, natabasamu kwa kitu ambacho sinacho.

Nilikipenda, Eli. Nisikudanganye. Betri ya gari ya kukiwasha nilikuwa naibeba kichwani hadi kwenye mashine ya kusaga kuichaji, nikirudi shingo imekufa ganzi, nakaa moja kwa moja kupiga. Kwaya ikaanza kuwa kwaya. Watu wa vijiji vya jirani wakaanza kuja kusali kwetu, na baadhi yao, Mungu awasamehe, walikuja kusikiliza tu.

Kisha kamati ikakaa. Ikaonekana kinanda kile kinafaa zaidi kule kwenye kanisa kubwa, ambako kuna umeme wa uhakika na wageni wa maana. Kwamba mpigaji wa kule alikuwa shemeji wa mwenyekiti, hilo halikusemwa kwenye kikao. Nikaambiwa nikiandae. Nilikifuta vumbi kwenye kila kona, nikakifunga kwa kitenge changu kipya ili kisikwaruzwe njiani, na mpaka leo hata kitenge hakijarudi. Nililia mbele ya mzee mmoja wa kanisa, Mzee Gwandu. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio uliniumiza. Aliniwekea mkono begani akasema, "Binti yangu, sasa unalia nini? Kwani ulikinunua?"

Nimekuwa mke, nimekuwa mama, nimefundisha kwaya mpaka nywele zimebadilika rangi, na jibu la swali lile sijalipata. Nilichofanya ni kujiapiza kwamba kitu nisichokilipia sitakipenda tena. Nikadhani hiyo ni akili. Nimeishi nayo miaka yote kama mtu anayetembea na mwiba na kujisifu kwamba anajua ulipo.

Baada ya hapo ndipo wakasafisha stoo ya kanisa. Ndani wakakuta kile kinanda cha kukanyaga cha wamisionari wa zamani, kile kinachotumia upepo. Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Panya walishakula mifuko yake ya hewa. Mzee Gwandu, ambaye nadhani dhamira ilikuwa inamsumbua kidogo, akaniita akaniambia, "Chukua hiki. Utapata hata kuni." Baba yako, ambaye wakati huo alikuwa bado ananinyemelea, alikileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kijiji kizima kilicheka. Nikaziba mifuko ya hewa kwa mpira wa ndani wa baiskeli na ngozi ya mbuzi, nikasugua vile vilimi vya shaba kwa unyoya wa kuku, kimoja baada ya kingine, mpaka kikaanza kukohoa, halafu kikaimba. Sauti yake unaijua. Kama mzee mwenye mafua anayeimba vizuri.

Wewe umekulia kwenye mapaja yangu mbele yake. Mimi nakanyaga, wewe kidole chako kinafika kwenye kibonyezo kimoja tu, ile noti ya so ya katikati, ambayo nilikuwa naitumia kuwapa kwaya sauti ya kuanzia. Ulikuwa unaibonyeza hiyo hiyo mpaka baba yako anatoka nje. Ukitazama leo utaona pameingia ndani kidogo, pamechimbika. Nusu ya shimo lile ni lako.

Najua unachotaka kusema, kwa sababu ulikisema Jumapili ukiwa mlangoni: "Mama, na hicho nacho ulipewa bure." Ndiyo. Lakini kile walinipa kwa sababu hakikuwa na maana kwao, ndiyo maana hawakurudi kukichukua. Kizuri walikichukua. Hilo ndilo somo nililolishika, na nikaja kulimwaga lote kichwani kwako.

Maana ulipoanza na kompyuta yako ile, uliyoipata ukiwa fundi simu pale Haydom, mimi sikuona mtoto wangu anayefanya muziki. Niliona mtu anayeokota. Ulikuwa unatumia bando la usiku kupakua hivi vinanda vyako, asubuhi macho mekundu, unaniambia, "Mama, sikia, nimepata ogani," "Mama, nimepata piano ya umeme," "Mama, hii sintesaiza mtu ameitengeneza mwenyewe chumbani kwake, amewapa watu." Huna kinanda cha kuchomeka, unapigia herufi za kompyuta, mpaka A na S na D zikafutika kabisa, na baba yako alipotaka umwandikie barua ya mkutano wa kijiji ulikuwa unapapasa. Mimi nilikuwa nakuuliza swali moja tu, kila mara, kwa sauti ile ile: "Na umelipa nini?"

Ukaja ukaingiwa na virusi, kompyuta ikazima wiki nzima, nami nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, mwanangu. Nikasema umeona. Ukanieleza kwa subira kwamba kile kilichokuletea virusi kilikuwa cha kulipia, watu wamekivunja kufuli na kukigawa kwa wizi, na kwamba cha bure ni kitu kingine. "Cha bure mwenyewe amekitoa, mama. Hajaibiwa." Nikakuuliza, "Mtu mwenye akili timamu anatoaje kitu kizuri bure?" Ukafikiri, ukasema, "Labda anataka kusikia wengine watafanya nini nacho." Nikaguna. Jibu lako lilikuwa zuri na niliguna.

Kuna siku nyingine hujui kama nilikuwepo. Nilikuwa natoka kisimani nikasikia ogani, nikasimama na ndoo kichwani. Nilidhani kanisani wamepata kinanda kipya bila kuniambia, nikaanza kuhesabu watu wa kuwalaumu. Kumbe ni wewe, nyuma ya nyumba, na spika yako mbovu. Ulikuwa umeupanga ule wimbo wangu wa msiba, ule wa "Utatupokea," na ulikuwa umeuelewa kuliko mimi niliyeutunga. Nilisimama mpaka maji yakanilowesha mgongo. Halafu nikazunguka nyumba, nikakukuta, ukaniuliza, "Mama, ikoje?" Nikasema, "Inalia kama bati." Uso wako ulivyoshuka bado nauona. Kama kuna neno moja ningepewa nafasi ya kulimeza, ni hilo bati.

Sasa tuje kwenye ile safari ya studio. Huko tulikuwa wote, kwa hiyo sina cha kukuficha, nataka tu usikie upande wa kichwa changu.

Kwaya ilipoamua kurekodi, ulijitolea. Ulisema nyimbo zote umeshazipanga, kila kinanda kipo tayari, tuje tu kuimba juu yake. Mbele ya wanakwaya wote nikasema kwamba nyimbo za Mungu hazitavaa mitumba. Wakacheka. Nami nikacheka nao. Tukakodi lori kwenda mjini kwa yule kijana aliyejiita Prodyuza Mfalme, mwenye miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta vinanda vyake vyenye picha za dhahabu na mbao nyekundu, akasema, "Mama mwalimu, hivi ni vya kulipia, vya Ulaya. Hapa hakuna vya bure." Alinipata palepale. Kama angejua moyo wangu ulivyo asingeweza kuchagua maneno mazuri zaidi.

Tukaimba vizuri siku ile. Aliporudisha tusikilize, ogani ikaenda, ikaenda, halafu ikakatika. Kimya. Halafu ikarudi. Baada ya muda ikakatika tena. Wimbo wa msiba ukakatika katikati ya neno: "Utatupo," kimya, "kea." Tukatazamana. Mfalme akavua miwani kwa mara ya kwanza, akasema huo ni mtindo wa kisasa, unaacha wimbo upumue.

Wewe ulikuwa mlangoni umebeba maturubai yetu. Ukanisogelea, ukanong'ona kwa adabu, ukidhani hakuna anayesikia: "Mama, hiyo ni ya majaribio. Wanakupa ujaribu, inanyamaza kila baada ya muda mpaka ulipie. Hajalipia. Mimi ninayo ogani ya bure ambayo hainyamazi. Tumwombe aiweke, nimekuja nayo kwenye fleshi."

Ulikuwa umekuja nayo. Baada ya kuchekwa na kwaya nzima, bado uliitia mfukoni kwa ajili yangu.

Nikakuambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Nyamaza wewe, mtoto wa vya bure." Na dereva wa lori akapiga honi nje, akataka tuondoke kabla ya mvua kuharibu njia, nikaona heri kuondoka na aibu iliyofunikwa kuliko kukaa nikaonekana nimetapeliwa. Nikawageukia wanakwaya nikawaambia yale makato ni ya makusudi. Nikawaambia ni kimya cha heshima. Halafu, niliporudi nyumbani, nikafanya jambo ambalo sidhani kama kuna mwalimu mwingine wa kwaya duniani amelifanya: nikaifundisha kwaya kunyamaza pale mashine iliponyamaza. Wiki baada ya wiki. "Utatupo," mnafunga mdomo, mnainamisha kichwa, "kea." Sauti ya kwanza na ya pili, besi, wote. Mpaka wakaweza bila kinanda.

Na wewe ukaacha kuja mazoezini. Nikasema umeota kiburi.

Ule wimbo ukaenda. Kwenye simu, kwenye fleshi, kwenye spika za maduka pale Dongobesh. Mwaka jana nilipokwenda Getanuwas kumzika mama mkwe wa mjomba wako, watu nisiowajua kabisa, wafugaji wametoka mbali na fimbo zao, wakauimba wimbo wangu pembeni ya kaburi. Na walipofika pale wakanyamaza. Watu wote wale, upepo tu unapita. Halafu, "kea." Mzee mmoja alipoambiwa mtunzi ni mimi alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, pale mlipoweka kunyamaza, pale ndipo nilipomlilia marehemu. Nani alikufundisha?"

Ningemwambiaje? Nani alinifundisha? Programu isiyolipiwa na kijana mwenye miwani. Nikasema asante, baba. Nikarudi nyumbani na sifa ile tumboni kama chakula kilicholala. Ogani yako isiyonyamaza ilikuwa ndani ya mfuko wako siku ile ya studio, ikiwa nzima, na hakuna mtu aliyemzika mama yake kwa sauti hiyo. Na uchungu wenyewe ni kwamba nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningeweza kucheka naye jambo hili, na nilikuwa nimeshamwambia anyamaze.

Sikwambii haya ili uniambie si neno. Baba yako ataniambia si neno, ndiyo kazi yake. Nakuambia kwa sababu kule Arusha, kwenye hiyo studio ya rafiki yako, utakutana nami. Nitakuwa nimevaa suruali na kofia, nitakuwa na umri wako, lakini nitakuwa mimi. Nitakuuliza umetumia kinanda gani, na ukisema ni cha bure nitatabasamu upande mmoja. Nitakuwa najua majina ya vinanda vyote vya kulipia na sitaweza kupanga beti mbili zikasikilizwa. Ukinikuta, usinijibu kwa hasira. Mtu wa namna hiyo kuna mahali aliulizwa swali akakosa jibu. Lakini pia usimpe fleshi yako.

Na wewe nakuona una hatari nyingine, tofauti na yangu. Una vinanda vingi mno. Siku hizi nakusikia unafungua kimoja, unagusa sauti ya kwanza, unaruka kingine. Ulipokuwa na ogani moja na piano moja ulikuwa unakaa nayo mpaka inakuwa yako. Mimi nilikaa na kinanda cha kuku mpaka nikajua kibonyezo kipi kinachelewa wakati wa mvua. Sisemi kwamba ni bora. Nasema tu nimekusikia.

Sasa yule mzungu wa kinanda cha mama yake.

Ulinieleza habari yake mwezi uliopita nikajifanya sisikii. Mzee fulani, nchi fulani ya baridi, mama yake alifariki akaacha piano mbovu. Kabla ya kuiuza akairekodi, kila kibonyezo, taratibu halafu kwa nguvu, akaigawa kwa dunia nzima. Ukanivalisha zile spika za masikioni ukabonyeza ya chini kabisa, ukasema, "Sikiliza mwisho wake." Nikasikia mlio mdogo, kama mbao inalalamika. Ukasema, "Ni kiti, mama. Ni kiti alichokuwa anakalia mama yake. Hajakifuta." Nikavua zile spika nikakuambia niache nina kazi. Nilikwenda nyuma ya banda la ng'ombe nikakaa huko. Kiti cha mama wa mtu nisiyemjua, hajawahi kusikia neno Masieda, kilikuwa kinalia ndani ya masikio yangu, wala hakuna aliyeniuliza kama nimelipa.

Nilipaswa kukuambia siku ile. Badala yake nilisubiri Jumapili nikakutukana.

Uliposimama mlangoni Jumapili ulisema kitu cha mwisho, ukidhani nimeshafunga masikio. Ulisema, "Kile cha kwanza kilikuwa kimoja, mama, ndiyo maana waliweza kukichukua. Hiki nikishakiweka mtandaoni kitakuwa kwa watu elfu na bado kitakuwa hapa sebuleni. Nani atakuja kukuchukulia?" Nimelitafuna neno hilo siku zote hizi. Nimelitafutia kosa, unanijua. Nimetafuta mzee wa kamati anayeweza kuja kukunja kitu kilicho kwa watu elfu akakifunga kwenye kitenge, na sijampata. Mzee Gwandu alishafariki, lakini angekuwepo ningemwendea nikamwambia jibu limepatikana, tena limetoka kwa mtoto.

Haya. Leo ulipoondoka tu, nilifukuza kuku, nikamtuma baba yako shambani, akarudi amesahau jembe, nikamtuma tena. Nikachukua ile simu yako ya zamani uliyoniachia, nikaiweka juu ya stuli, karibu na vilimi, kama nilivyokuona ukifanya na gitaa la mwenzako Paskali. Nikaanza chini kabisa. Kila kibonyezo nilikibonyeza nikakiacha mpaka upepo uishe. Taratibu, halafu kwa nguvu. Goti langu linalia, utalisikia. Jogoo yupo mahali fulani katikati. Baba yako amekohoa aliporudi tena kuchukua panga, na yeye yumo. Vile viwili vya juu vilivyokufa nimevirekodi pia, vinatoa pumzi tu. Sikuona kwa nini nivionee aibu.

Memori kadi iko ndani ya zile soksi nene ulizosema hutazibeba. Sasa utazibeba.

Kigawe. Nimesema kigawe. Mpe yeyote, bure, wa Ulaya, wa Dodoma, hata yule Mfalme na miwani yake, atakihitaji. Usiandike jina langu kubwa, andika tu ni kinanda cha Masieda kilichonusurika kuwa kuni. Atakayekitumia vibaya akitumie vibaya. Nimechoka kulinda vitu.

Lakini utakapokifungua utakuta pengo. Nilipofika kwenye ile so ya katikati, iliyochimbika, niliweka kidole na sikubonyeza. Halafu nikaendelea na kinachofuata mpaka juu, nikazima simu. Najua unavyoweza kufanya, ulinieleza mwenyewe: unachukua sauti ya jirani yake, unaivuta kidogo, inajaza, na dunia nzima haitajua. Mimi nitajua. Na wewe utajua kila utakapoigusa.

Wale wa vinanda vya kulipia wanakupa ujaribu, halafu kinanyamaza mahali fulani mpaka utoe chao. Nimejifunza kwao, kwa gharama ya wimbo mzima. Kwa hiyo hiki chako nacho ni cha majaribio. Kitanyamaza hapo, kwenye sauti ya kuanzia, na kwaya yoyote itakayokipiga huko duniani itakutana na kimya hicho na kujiuliza ni mtindo gani. Waache wajiulize, au wainamishe vichwa kama wale wa Getanuwas.

Wewe sauti hiyo unajua ilipo. Sitaituma kwa simu, usinibembeleze, na usimtume baba yako aje kuibonyeza nikiwa kisimani. Utakuja mwenyewe, utakaa kwenye kiti hiki, utaweka kidole kwenye shimo lako, na mimi nitakanyaga. Ila usikawie sana, Eli. Goti umelisikia.

Mama yako